Kufunga Cherehani Maganzo

Kazi yangu ni kushona, lakini watu wengi wa Maganzo wananifahamu kwa jambo jingine. Mtu akinunua cherehani, kikaletwa nyumbani kichwa kikiwa ndani ya boksi na stendi imefungwa kamba nyuma ya pikipiki, huniita nikakifunge. Nakifunga, nakitia mafuta, nakijaribu, kisha nampisha mwenye nyumba akae yeye. Nimeifanya kazi hiyo tangu katikati ya miaka ya 1980, na katika yote niliyoyafanya kwa mikono yangu, hakuna lililoacha faida kubwa kuliko hilo.

Maganzo ni mji mdogo wilayani Kishapu, kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, kwenye njia ya kuingilia Mwadui. Huko Mwadui ndiko mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alikogundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Alifariki mwaka 1958, na tangu hapo mgodi umepita katika mikono mingi: De Beers pamoja na serikali, baadaye serikali, De Beers tena mwaka 1994, kisha Petra Diamonds mwaka 2009. Waliokaa ndani ya uzio wa mgodi walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi wa nje tulikuwa na pamba, ng'ombe na chekeche.

Fedha ya chekeche haina msimu. Mtu anaweza kuchekecha mchanga mwaka mzima akiishi kwa mkopo wa dukani, halafu siku moja akapata jiwe la almasi. Likishauzwa, mji mzima una habari kabla jua halijazama. Inanunuliwa baiskeli, inanunuliwa redio, yanapandishwa mabati, marafiki wanakunywa mpaka usiku. Na kama ana mke, mara nyingi kinanunuliwa cherehani. Kwa mwanamume wa hapa kwetu, kumnunulia mke cherehani ni kuwatangazia wakwe kwamba nyumba imetulia.

Kisha fedha inaisha. Redio inauzwa, baiskeli inauzwa. Vyerehani navyo huuzwa, ila si vyote. Nimeishi hapa muda mrefu wa kutosha kuona ni vipi vinavyouzwa. Ni vile vilivyofunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, ambavyo hakuna mtu nyumbani anayejua kuviendesha. Kile ambacho mwenyewe amekijua hakiuzwi, kwa sababu kila siku kinaleta unga, chumvi na sabuni, na hata mume mwenye shida hathubutu kukitamka. Maisha yangu yote ya kazi nimeyajenga juu ya tofauti hiyo.

Nilizaliwa mwaka 1963. Baba alikuwa mkulima wa pamba. Cherehani cha kwanza kukiona kwa karibu kilikuwa cha shangazi, Singer cha mkono, cheusi chenye maua ya rangi ya dhahabu, alichonunuliwa na mumewe alipopata jiwe. Kilikaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima, kimefunikwa kitambaa cha kudariziwa, na sisi watoto tulikatazwa kukisogelea. Shangazi mwenyewe hakukigusa. Nguo zake alizishona kwa mkono.

Siku moja alipita fundi mzee kutoka Shinyanga mjini, aliyekuwa akitengeneza vyerehani vya watu vijijini baada ya mavuno. Shangazi alimtolea cherehani nje, mimi nikaambiwa nishike koroboi maana giza lilikuwa linaingia.

"Nani anakitumia chombo hiki?" mzee aliuliza.

"Hakuna, baba. Tulipokizungusha uzi ukakatika, tukaogopa kukiharibu."

Alikiinamia, akageuza gurudumu taratibu kwa kiganja. "Hiki hakina ugonjwa, mwanangu. Sindano imewekwa kinyume."

Aliilegeza skrubu, akaitoa sindano, akanisogezea niione kwenye mwanga. Shingoni ina upande mmoja bapa. Ubavuni ina mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Mfereji huo huelekea upande uzi unakotokea, ili uzi ujilaze humo usisuguliwe na kitambaa, na ule upande bapa huelekea kwenye ndoano ya chini inayokamata uzi. Aliirudisha sawasawa, akapitisha uzi, akashona mstari kwenye kipande cha kaniki. Shangazi alikuwa amekaa na chombo kizima miaka yote hiyo bila kukitumia, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha upande wa sindano.

Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1978, shangazi ndiye aliyemwomba yule mzee anipokee. Wakati huo mafundi wa kwenye baraza za maduka walikuwa karibu wote wanaume, na wapo waliomwambia mzee kwamba msichana atamwachia kazi njiani akiolewa. Aliwajibu kwamba akiolewa ataondoka na ufundi wake, na huko aendako watavaa nguo. Nilikaa Ngokolo, Shinyanga mjini, kwa mama mkubwa, asubuhi natembea mpaka barazani.

Mzee hakunipa kitambaa. Alinipa karatasi ya daftari yenye mistari na cherehani kisicho na uzi, chenye sindano kuukuu, kwa sababu karatasi huua makali ya sindano. Kazi ilikuwa kufuata mstari kwa matundu. Ugumu wa cherehani cha miguu uko kwenye kuanza. Unalianzisha gurudumu kwa mkono wa kulia kuja upande wako, kisha nyayo zinapokea, moja mbele kidogo ya nyingine, kisigino na vidole vikipokezana. Miguu ikikosea mwendo, gurudumu linarudi nyuma, na kama kuna uzi, unakatika au kujisokota chini ya kitambaa. Mistari iliponyooka alinichorea duara, baada ya duara pembe: sindano inabaki imezama kwenye karatasi, unainua mguu mdogo unaobana, unageuza karatasi, unashusha tena. Matundu yalipofuata wino kila mahali ndipo akanikatia kipande cha marekani na kunipa uzi.

Miaka ile ilikuwa migumu kwa fundi yeyote. Baada ya vita vya Kagera vitambaa viliadimika. Doti ya khanga ya kiwanda cha Urafiki au kitenge cha kiwanda cha Mwatex ilikuwa habari ya kupeana kwa kunong'onezana, na foleni za maduka ya serikali ya RTC zilianza alfajiri. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mwenye majora ya kitambaa dukani hakujua ayaweke wapi. Uzi wenyewe ulikuwa wa kutafutwa. Lakini umaskini ule ulinifundisha ushonaji kuliko ambavyo wingi ungeweza kunifundisha. Shati la mtumishi lilipochakaa kola, hatukulitupa. Tuliifumua kola kwa wembe mshono kwa mshono bila kujeruhi kitambaa, tukaigeuza upande wa chini ukawa wa juu, tukairudisha mahali pake, na mwenye shati akaenda ofisini kama amevaa jipya. Shuka lililochanika katikati tulilipasua kwa urefu, kingo zikaja katikati na katikati ikawa kingo. Mtu aliyewahi kufumua nguo na kuirudisha anaielewa kuliko yule aliyezoea kukata kitambaa kipya.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ile ya 1980, mambo yakaanza kubadilika. Mimi nilikuwa nimeolewa Maganzo. Mume wangu hakupata jiwe. Alilima pamba, na mwaka 1986, baada ya kuuza, tulinunua Butterfly cha miguu kwa mtu aliyekuwa anahama. Vyerehani hivyo asili yavyo ni Shanghai, China, navyo vimeenea Afrika Mashariki nzima. Uzuri wavyo mkubwa ni kwamba umbo lavyo limefuata Singer namba 15, kwa hiyo bobini, sindano na vipuri vingine vinapatikana kwa urahisi. Ningeshauri hivyo hata leo kwa anayetaka cha kutumia nyumbani: nunua kile ambacho kipuri chake kipo kwenye duka la karibu nawe, hata kama jirani ana cha kupendeza zaidi.

Kazi ya kufunga vyerehani vya watu ilianza kwa jirani. Mumewe alikuwa amepata jiwe dogo, akaleta cherehani kipya ndani ya boksi. Nitaieleza kazi hiyo kwa kirefu, kwa sababu mpaka sasa ndivyo ninavyoifanya.

Kwanza natafuta mahali. Nyumba nyingi zilikuwa na sakafu ya udongo, na stendi ikiyumba, mshono nao unayumba. Nachimba kidogo chini ya mguu mmoja au naweka kipande cha ubao chini ya mwingine, mpaka meza isitikisike nikiiegemea. Mahali penyewe pawe karibu na mlango au dirisha, mwanga ukitokea kushoto, kwa sababu sindano iko kushoto na hutaki kivuli cha mkono wako kiangukie juu yake.

Cherehani kipya kutoka kiwandani huja kimepakwa grisi nzito ili kisishike kutu melini. Wengi hufikiri hayo ndiyo mafuta yake, wakaanza kushona, kikawa kizito mpaka magoti yakauma. Naifuta yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, natoa bamba la chini ya sindano, nasafisha katikati ya meno yanayosukuma kitambaa. Kisha naweka mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila tundu, na tone kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Si mafuta ya kupikia, kwa maana hayo huganda yakawa gundi. Si ya injini, kwa maana ni mazito na huchafua nguo. Baada ya hapo nakiendesha kitupu bila uzi mpaka kiwe chepesi, na sauti yake ibadilike kutoka mkwaruzo kuwa mlio mmoja laini. Sauti hiyo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha mwenye nyumba. Akiizoea, siku cherehani kitakapoanza kuumwa atakisikia kabla hakijakwama.

Unafuata mkanda wa ngozi. Unapita kwenye matundu mawili ya meza, unazunguka gurudumu kubwa la chini na gurudumu dogo la juu, na ncha zake zinaunganishwa kwa kibano cha waya. Ukikazwa mno, mguu unachoka na vyuma vinalika. Ukilegea, unateleza. Naubonyeza kwa kidole: ukiingia kidogo kisha ukarudi, uko sawa. Ngozi mpya hurefuka, kwa hiyo namwonyesha namna ya kuupunguza mwenyewe, kukata kipande kidogo na kutoboa tundu jingine kwa msumari uliopashwa moto.

Kisha sindano, mpaka ifike mwisho kabisa juu ndipo skrubu ikazwe. Kisha bobini: nailegeza nati ya gurudumu ili sindano ipumzike wakati uzi unajazwa, na uzi ujipange sawa, usijazane upande mmoja. Nikishaiweka ndani ya kasha lake nalishika kasha kwa uzi wake, nalining'iniza. Likishuka lenyewe mpaka chini, uzi umelegea. Likiganda kabisa hata ukilitikisa, umekazwa kupita kiasi. Linatakiwa lining'inie, na ukilitikisa kidogo lishuke kidogo.

Jaribio la mwisho nilifundishwa na yule mzee, nami nimewafundisha wengi. Juu naweka uzi mwekundu, chini mweupe, nashona kwenye kipande cha khaki. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokutana na kufungana katikati ya kitambaa. Ndiyo maana tundu la sindano yake liko nchani na si kisogoni kama la sindano ya mkono, ili uzi wa juu upelekwe chini ukafungwe. Mmarekani Elias Howe aliisajili mashine ya namna hiyo mwaka 1846, na hivi vyetu vya leo bado vinafuata akili hiyo. Sasa ukiona mweupe unachungulia juu, uzi wa juu umebana mno, legeza. Ukigeuza ukaona mwekundu umetambaa chini, uzi wa juu umelegea, kaza. Ukiona kila uzi umekaa upande wake, weka alama kwenye skrubu kwa wino. Uzi wa rangi moja huficha kosa, nyuzi za rangi mbili humwonyesha hata mtu asiyejua kusoma nini cha kurekebisha.

Jirani yule hakuwa amesoma. Nilipomaliza nikautoa uzi wote, nikaitoa sindano na bobini, nikaviweka mezani mbele yake.

"Mbona unabomoa, dada?" aliuliza kwa hofu.

"Kifunge wewe. Mimi nitakaa hapa."

Ilichukua muda mrefu, watoto wakalala, mumewe akawa anachungulia mlangoni. Alipokanyaga kile chuma cha miguu na mshono ukatoka safi, mume alicheka kwa sauti akaenda kuwaita majirani waje waone. Fedha ya jiwe lile haikukaa. Cherehani kilikaa, kikasomesha watoto, na mama yule ameshona mpaka macho yalipochoka akamwachia mkwewe.

Mitumba ilipoingia kwa wingi, mafundi wenzangu walikata tamaa. Gauni la mtumba lilikuwa rahisi kuliko mshono peke yake. Nami nilihofu. Lakini nguo iliyokatwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya haimkai mama wa Kisukuma bila mkono wa fundi. Suruali zilihitaji kupunguzwa kiuno na kufupishwa, makoti yalihitaji kubanwa, magauni mapana yakawa sketi mbili za watoto. Waliojua cherehani chao majumbani waligeukia kazi hiyo upesi, kwa sababu haihitaji mtaji wa kitambaa, inahitaji uzi, wembe na jicho. Mwenzangu mmoja alikuwa anakaa na cherehani chake pembeni ya wauza mitumba siku ya gulio, mteja ananunua hapa, anapunguziwa pale, anaondoka amevaa.

Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza baada ya ada kufutwa, watoto walijaa madarasani, na kila mtoto alihitaji shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Kabla ya Januari nilikuwa nimeshaona kwamba peke yangu sitaweza. Niliwakusanya kina mama niliowafungia vyerehani. Mimi nikakata, kwa sababu kukata ndiko kunakopoteza kitambaa, wao wakashona majumbani kwao. Aliyekuwa mzuri wa kola alipewa kola, mwenye mkono wa marinda alipewa sketi, mwenye subira alipewa matundu ya vifungo. Kila kipande kiliandikwa kwenye daftari na kila mtu alilipwa kwa alichoandikiwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki pia. Tulifanya hivyo tena mwaka 2016, elimu bila ada ilipofikia kidato cha nne.

Sare zilitulisha mwanzo wa mwaka. Katikati ya mwaka, pamba ikishauzwa, zilikuja harusi na ngoma. Wasukuma hatuchezi ngoma kwa nguo za shambani. Makundi yetu mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kwa dawa, kwa nyimbo, na kwa mavazi pia, na kikundi kikiagiza vazi la wachezaji wote, linatakiwa lifanane kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilizipenda sana kazi hizo. Vazi la ngoma linarukwa nalo, linagaragazwa vumbini, linafuliwa kwa nguvu. Mshono wake lazima uwe mfupi, urudiwe mara mbili, na kwapani uwekwe kipande cha nyongeza ili mkono uinuke bila kuchana. Nikikaa uwanjani kutazama mashindano, watu wanatazama mchezaji, mimi natazama kwapa.

Baadaye mpwa wangu aliolewa Katoro, mkoani Geita, akaniita nikawafungie vyerehani yeye na wenzake. Huko ni dhahabu, si almasi, lakini habari ni ileile. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema, vinanunuliwa vitu. Likikauka, vinauzwa. Nilikuta nyumba zenye vyerehani vya umeme ambavyo havikuwahi kutoka kwenye plastiki, na wake wenye uchungu wa kuvitazama. Nikawaeleza yale niliyowaeleza wa Maganzo, nikiongeza moja: aliye na umeme asitupe stendi ya miguu. Umeme ukikatika katikati ya oda ya harusi, mguu hauna luku.

Alipokuwa Waziri wa Viwanda, Charles Mwijage alisema kwamba mwenye vyerehani vinne ana kiwanda. Nchi nzima ililicheka neno hilo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekiona kiwanda cha namna hiyo kikifanya kazi, kimetawanyika katika nyumba za udongo na za bati, kila mashine chini ya mwanamke anayeijua kwa sauti. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na barakoa zikaadimika, hatukusubiri zije kutoka mbali. Tulikata vitenge, tukashona tabaka mbili zenye lastiki, na katika muda mfupi watu wa stendi, sokoni na makanisani walikuwa wamevaa. Mahali penye vyerehani vinavyofanya kazi pana nguvu ya kujihudumia ambayo haionekani mpaka siku ya shida.

Kwa hiyo naandika haya pia kwa ajili ya wanaotoa. Siku hizi vyerehani vinatolewa sana: na wagombea, na mashirika, na makampuni, na vingine hununuliwa na vikundi vinavyokopa katika asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na ninalishukuru. Lakini nimeitwa kwenye nyumba za waliokabidhiwa mbele ya kamera, nikakuta cherehani bado kina grisi ya kiwandani, mkanda umekatika, sindano moja iliyokuja nacho imepinda, na mwenyewe anaona aibu kusema hajui. Anajiona yeye ndiye mwenye kasoro, wakati kasoro ni kwamba alipewa chombo bila mtu wa kukaa naye.

Kukaa naye hakugharimu kiasi cha kumtisha mfadhili. Kunahitaji fundi wa palepale, siku chache, pakiti ya sindano, chupa ya mafuta, mkanda wa akiba, unyoya wa kuku wa kusafishia vumbi la nyuzi chini ya meno, na nyuzi za rangi mbili. Yote hayo kwa pamoja hayafiki bei ya stendi. Na fundi huyo asilipwe kwa idadi ya vyerehani alivyovifunga. Alipwe atakaporudi baada ya mavuno na kukuta vinashona. Nimeipendekeza njia hii kwa viongozi wa vikundi vya hapa, na vikundi vilivyoikubali vinarejesha mikopo yao kwa fedha ya mishono. Mafundi wa kuifanya kazi hiyo wapo Maganzo, wapo Kahama, wapo Katoro. Wengi wao ni wanawake waliofundishwa nyumbani kwao, juu ya cherehani chao wenyewe, na wako tayari kuitwa.